Kamba ya Mjomba Dadi

Walimu wenzangu, mmeniuliza mara tatu lile gari limekuwaje, na mara zote tatu nimewajibu kwa mzaha. Mara ya mwisho mlicheka mpaka mwalimu mkuu akachungulia dirishani, nami nikacheka pamoja nanyi. Siku ile nilipofika nyumbani niliacha chakula mezani. Ndiyo maana nimekaa kuandika safari yote, tangu Dar es Salaam hadi Kitaya, ili mwenye kucheka tena acheke akijua anamcheka nani. Mambo ya malipo, kadi na bima nayaruka. Hayana ladha, na wala si hayo yaliyoharibu.

Kwanza mjue gari lilikuwa la nini. Bibi yangu, Bi Somoe, ndiye aliyemzaa marehemu mama yangu na Mjomba Dadi. Anaishi Kitaya, karibu na mto, nyumba moja na mjomba. Miguu yake imegoma huu mwaka wa pili, na macho yalikuwa yamefunga ukungu. Mwaka jana aliposhikwa na homa, wanaume wa kijiji walimlaza kitandani, wakamfunika khanga, wakambeba kumpeleka barabarani. Njiani mzee mmoja alikuwa anatoka shamba, akaona kitanda kimebebwa. Kwetu jeneza likipita mtu haulizi, anaweka bega. Mzee wa watu akatupa jembe, akakimbia, akaingiza bega, akaanza kuvuta shahada huku machozi yanamtiririka. Baada ya hatua kama kumi akauliza kwa sauti ya chini, "Nani katutoka?"

Bibi akajibu mwenyewe kutoka kitandani: "Mie Somoe. Na sijatoka."

Watu walicheka nusura wamwangushe. Yeye hakucheka. Aliporudi aliapa kuwa kitanda hakitamtoa tena uani kwake mpaka siku atakayokuwa maiti kweli. Tukasikia madaktari wa macho wanakuja Mtwara kwa siku chache, na siku yao ya mwisho ni Jumamosi. Bibi akasema atakwenda, kwa sharti moja: gari lije mpaka barazani, ajiinue kutoka kitini kwake aingie garini, basi.

Mjomba alikuwa na fedha za korosho za misimu miwili, na mimi nikaongeza changu. Tukakubaliana pikapu: ibebe magunia msimu ukifika, lakini safari yake ya kwanza iwe ya Bibi.

Tatizo lilikuwa njia. Kufika kwa Bibi unapita mahali pamoja tu, kushoto kaburi la Babu lililojengewa saruji, kulia ukuta wa msikiti. Nyuma ya nyumba ni bonde la mpunga, hata baiskeli inazama. Basi mjomba akasuka kamba ya ukindu, akapima pale, akatoa nafasi ya kiganja kila upande, akapiga fundo. Akaikunja, akaifunga kwa kipande cha khanga ya kijani, akanipa. Mimi na mjomba, kwa lafudhi yetu ya Kimakonde, tunaitana njomba, yeye kwangu na mimi kwake.

"Njomba," akaniambia, "ncha ilaze ubavu huu wa gari, uivute mpaka ubavu wa pili. Gari likizidi fundo, kwa nzee halipenyi."

Nikamwambia nimeelewa. Nami nilikuwa nimeelewa.

Yadini

Dar es Salaam nilifika Jumanne, na Jumatano saa mbili asubuhi nilikuwa kwenye yadi ya magari na dalali mmoja anaitwa Eliya, mtu mpole, shati limenyooka. Akanionyesha pikapu mbili zilizosimama ubavu kwa ubavu.

Ya kwanza ilikuwa ya wastani, ya bluu, bodi ina mikwaruzo miwili mitatu. Ni aina ile tunayoiona kila siku hapa Mtwara ikibeba matofali, maji na wagonjwa. Kila fundi anaijua, kila duka lina vipuri vyake. Ya pili ilikuwa kubwa, nyeupe, ya zile za Kimarekani, boneti inanifika kifuani. Ilikuwa imetembea sana, ndiyo maana bei zilikaribiana. Nilipopanda nikakuta kiti kipana kuliko kochi langu la nyumbani Mtawanya. Nikashika usukani. Nikamwona mtu wa chini kuwa wa chini hasa, yaani nikamtazama Eliya utosini.

"Hii ukiingia nayo kijijini," Eliya akasema, "hakuna atakayeuliza wewe ni nani."

Kamba ilikuwa mfukoni mwangu. Nawaambia ukweli: niliishika. Niliingiza mkono mfukoni nikalishika lile fundo la khanga. Lakini pembeni yetu walisimama mabwana wawili wa suti wakijadili ukubwa wa injini, na mmoja alikuwa ananitazama. Nikajiona nimepiga magoti kwenye sakafu ya yadi, mwalimu mzima, nimevuta kamba ya ukindu chini ya boneti ya gari la Kimarekani kama napima shimo la choo. Nikaona aibu. Nikautoa mkono mtupu.

Nikalitazama gari kwa macho. Nikajiambia vioo vya pembeni vinakunjwa, tofauti itakuwa ndogo, na mjomba ni mtu wa tahadhari, lazima amejiongezea nafasi. Nikalichagua jeupe.

Ile picha niliyowatumia, nimeegemea boneti na miwani ya jua, nilipiga dakika hiyo hiyo. Nyie ndio mlionijibu "Mheshimiwa". Niliisoma mara nyingi.

Foleni ya mchepuko

Tuliondoka Dar, mimi na gari langu, siku ile ile saa sita mchana. Baada ya Ikwiriri, huko mbele, kalavati lilikuwa limechukuliwa na maji na mafundi wamechonga njia ya mchepuko pembeni, imewekewa mapipa huku na huku. Magari yalikuwa yamesimama kilomita nzima. Abiria wa mabasi walishuka, wakatandika khanga kivulini. Nilinunua samaki wa kukaanga na mihogo ya kuchemsha, nikala nimesimama nje ya mlango ili watu wajue gari ni la nani.

Zamu yangu ilipofika, sikupita. Mabasi yalikuwa yanapita kwa nafasi ya kidole, lakini madereva wao wanajua kazi. Mimi nilikwama kati ya mapipa, nyuma lori linapiga honi, mbele vumbi. Nikaanza kutoka jasho. Ndipo kiongozi wa vibarua akapiga kelele, "Msogezeeni mheshimiwa!" Wakaja wanaume wanne, wakalibingirisha pipa, nikapita. Nikawapungia mkono.

Hapo ndipo nilipojifunza somo baya kuliko yote ya safari ile, kwamba ukiwa na kitu kikubwa, vitu vingine vitasogezwa. Nililala Nangurukuru nikiwa nimeridhika kabisa.

Mama Mwanahawa na ming'oko

Alhamisi asubuhi, mwanamke wa makamo mwenye beseni la samaki wakavu aliniomba lifti mpaka Mikindani. Jina lake Mwanahawa. Alipanda kwa shida, nikamvuta mkono, akakaa huku anahema.

"Hili gari la kubebea nini, mwalimu?"

"La kumpeleka bibi yangu hospitali."

"Bibi yako mnene kiasi gani?"

Tulicheka mpaka karibu na Lindi. Alikuwa msafiri mzuri, anajua kila kijiji na nani kaoa wapi. Mingoyo tulisimama tukanunua ming'oko ya moto, ile mizizi yetu ya porini ya kuchemsha, kwa chumvi na pilipili. Alikuwa anatafuta karatasi ya kufutia mikono, akafungua kile kidroo cha mbele, akaitoa kamba niliyoitia humo tangu Dar.

"Loo, nani kasuka hii? Huyu anajua ukindu."

"Mjomba wangu. Ya kupimia gari, njia ya kwetu nyembamba."

"Ulipima?"

"Nilipima."

Sikupepesa macho. Hata sijui kwa nini nilimdanganya mtu nisiyemjua na ambaye hakuwa na haja na jambo hilo. Akaigeuzageuza ile kamba, akakigusa kile kipande cha khanga kilichokuwa bado kimefungwa vile vile.

"Si tushuke tupime tena," akasema, "maana njiani gari halinenepi. Mie nitashika ncha."

Ilikuwa mchana, hatuna haraka, gari limesimama, mtu wa kushika ncha yupo. Bado ningeweza kulirudisha gari, au walau kumpigia mjomba simu tutafute njia nyingine mapema. Nikamwambia tutachelewa. Nikaichukua kamba taratibu mkononi mwake nikairudisha kwenye kidroo. Aliposhuka Mikindani alinishukuru, akaniachia samaki wawili, akaliangalia gari kutoka mbele kwa muda, kisha akaniangalia mimi.

Mtawanya hadi Mahurunga

Nyumbani Mtawanya gari halikuingia uani. Mke wangu alitoka na ufagio mkononi, akalizunguka.

"Issa, hili ndilo mlilokubaliana na mjomba?"

Nikamwambia mjomba ataelewa akiliona. Akarudi ndani kufagia.

Ijumaa asubuhi nikashika njia ya Madimba. Mnajua magari makubwa meupe kule ni ya nani. Watu waliponiona tu walisema wa kampuni za gesi hao. Mzee mmoja alinisimamisha kuuliza kama tumekuja kupima mashamba tena. Nikamwambia hapana, lakini kwa ile sauti ya mtu ambaye kesho anaweza kuja. Kabla ya Mahurunga niliwakuta kinamama wawili wamebeba kuni kichwani. Mmoja alikuwa mtu mzima sana, umri wa kunizaa. Aliingia majanini kunipisha, akazitua kuni zake chini, akainama kidogo.

"Shikamoo, bosi."

Nami, watu wangu, nikajibu, "Marahaba."

Nilikwenda mita mia hivi ndipo neno likanirudia mdomoni. Nilipunguza mwendo. Sikusimama. Mpaka leo nikipita njia ile naangalia kama nitamwona, nimwamkie.

Kati ya kaburi na msikiti

Nilifika Kitaya wakati watu wanatoka swala ya Ijumaa. Ningepanga vibaya vipi zaidi? Wanaume wote wa kijiji walikuwa pale pale nje ya msikiti wanavaa viatu, na gari langu likaja polepole likasimama mbele ya ile nafasi.

Kwa mbali, barazani, nilimwona Bibi. Alikuwa ameketi kwenye kiti, gauni jipya, ushungi mweupe, mkoba wake mapajani. Wakaniambia alikuwa amekaa hivyo tangu alfajiri. Hakuwa anaona, lakini alikuwa amegeuzia uso upande wa mngurumo.

Nilijua kabla sijashuka. Nafasi ilikuwa ndogo na boneti ilikuwa pana, basi, hakuna zaidi. Lakini watu walikuwa wanatazama, na mimi nilikuwa bado nina yale mapipa kichwani. Nikakunja vioo, nikaingiza gari. Upande wa msikiti ukaanza kukwaruza. Nikakata usukani kidogo kushoto, nikasikia kitu kinavunjika.

Nilikuwa nimevunja kona ya kaburi la Babu.

Kipande cha saruji kilikuwa chini ya tairi. Mjomba Dadi akaja, kanzu nyeupe, kofia mkononi. Hakuangalia kaburi, wala gari. Alinyoosha mkono dirishani.

"Njomba, nipe kamba."

Nilifungua kidroo, nikampa. Akaipokea kwa mikono miwili. Ilikuwa imekunjwa vile vile alivyoikunja, na kile kipande cha khanga ya kijani kimefungwa kwa lile fundo lake mwenyewe, fundo la kufungia magunia ya korosho ambalo mtu mwingine akilifungua hawezi kulirudishia. Akalitazama. Akapitisha kidole gumba juu yake, taratibu. Nikamwona anajua. Sijawahi kutamani mtu anitukane kama nilivyotamani dakika ile.

Akaitia kamba mfukoni mwa kanzu, akawageukia watu.

"Jamani, kosa langu," akasema kwa sauti ya kutosha wote wasikie. "Kamba nilipima vibaya mie. Macho ya uzee haya. Ntoto kafuata kamba."

Mmoja akacheka. Kisha wengine. "Dadi, unashindwa kupima njia ya kwenu mwenyewe?" "Huyu mwakani atatupimia msikiti tuswali tumeelekea mtoni!" Mjomba naye akacheka, akajipiga paji la uso, akawapa walichotaka.

Na mimi? Mimi nilikuwa nimeshika usukani. Mdomo ulikuwa wangu, maneno yalikuwa mepesi: kamba ni sahihi, sikupima. Sikuyasema. Nilijihisi nimeokolewa, na nilifurahi, jamani, kwa muda mfupi nilifurahi kweli.

Hatua sitini

Nilirudisha gari nyuma. Mjomba akaenda barazani kumweleza mama yake. Wanaume wakasema wakalete kitanda. Bibi akasikia hilo neno toka alipo.

"Kitanda nimeshasema!"

Hospitali ilikuwa kesho, siku ya mwisho. Hakuna aliyejua madaktari wale watarudi lini. Mjomba alichuchumaa mbele ya kiti chake, akisema naye polepole kwa Kimakonde. Bibi alisikiliza, mkono umeshika mkoba. Mwishowe akasema:

"Basi Issa anibebe mgongoni. Yeye ndiye kaleta gari."

Nikachuchumaa. Wanawake wakamfunga mgongoni kwangu kwa khanga mbili, kama mtoto, wakamsitiri miguu. Si mzito Bibi. Mwanamke aliyezaa watoto sita, aliyelima mpunga bonde lile peke yake Babu alipokufa, alikuwa mgongoni kwangu mchana kweupe, mbele ya wakwe zake na wajukuu wa watu, kwa sababu mimi nilionea haya kamba. Kutoka barazani hadi gari ni hatua sitini, nilizihesabu. Watu walitusindikiza.

Tulipofika kwenye kaburi akasema, "Simama." Nikasimama. Akanyoosha mkono, akapapasa saruji mpaka akaipata kona iliyovunjika, akakaa nayo kidogo. Kisha akaniambia sikioni, mimi peke yangu:

"Dadi hakukosea. Siku anapima, nilijiburuza kwa makalio mpaka hapa. Ncha ya pili nilishika mie."

Nikafungua mdomo. Akanigonga begani kwa kidole.

"Twende."

Na hata kufika garini hakukwisha vizuri. Lile gari ni refu, Bibi hawezi kulipanda, hata mimi nikiwa naye siwezi. Ikabidi waende madrasa kuleta benchi la watoto wanalokalia kusoma. Nikapanda benchi, wanaume wawili wakanisukuma kwa nyuma, mjomba akamvuta mama yake kwa ndani. Alipokaa, akajiweka sawa ushungi, akashika mkoba, akatazama mbele kama mtu anayeona.

Mtwara, bandeji

Jumamosi walimfanyia upasuaji wa jicho la kulia. Jumapili wakafungua bandeji. Muuguzi akanyoosha vidole vitatu, Bibi akasema vitatu, na kucha zako hujakata. Mjomba alitoka nje ya wodi akasimama ukutani, mabega yanatikisika. Nilimfuata. Nilikuwa nimejipanga usiku kucha niseme. Nikasema, "Njomba, ile kamba..."

"Mama kaona, njomba," akanikatiza, anajifuta kwa kofia. "Leo usinipe jingine."

Tulipomtoa Bibi kwa kiti cha magurudumu hadi kwenye maegesho, alilitazama gari kutoka taa mpaka taa kwa lile jicho jipya.

"Ndilo hili?"

"Ndilo, Bibi."

"Zuri," akasema.

Sasa gari linalala kandokando ya barabara, nje ya msikiti, limefunikwa turubai, na magunia yatabebwa vichwani kulifuata mpaka nipate mtu wa kubadilishana naye kwa pikapu ya wastani. Kona ya kaburi nimeijenga upya kwa mkono wangu. Lakini kauli ya mjomba imesafiri haraka kuliko mimi. Kitaya mtu akikata bati fupi wanamwambia amepima kwa kamba ya Dadi. Imefika Mahurunga, imefika sokoni. Wiki iliyopita imefika ofisini kwetu: mwenzetu mmoja alikata mfuniko wa ubao ukapungua, mwingine akasema kwa sauti, "Kamba ya Dadi hiyo!" Mkacheka. Mimi nilicheka kwanza, kabla yenu, ili msiniangalie.

Kamba ninayo. Nilimwomba mjomba, akanipa bila kuuliza ya nini. Iko kwenye droo ya juu ya meza yangu, droo haijafungwa kwa ufunguo, na ile khanga ya kijani sijaifungua. Kuna fundi mwenye pikapu ya wastani kama ile ya bluu, huegesha nje ya geti la shule kila saa nne. Nendeni na kamba, mmoja ashike ncha huku, mwingine avute, mwone wenyewe kama ile ya bluu ingezidi fundo.

Ijumaa hii nakwenda Kitaya, nitafika kabla watu hawajavaa viatu. Nimewaandikia nyie kwanza kwa sababu nyie mmeshanicheka, na bado sijajua kama pale ukutani mwa msikiti sauti itatoka kusema sikupima.